Video zangu za harusi zinafanana na taarifa ya habari. Nibadilishe nini kwenye kamera?

Swali: Mimi hupiga video za harusi hapa Kisumu, na mara nyingine kazi hunipeleka hadi Vihiga na Kakamega. Kamera yangu ni ile ndogo isiyo na kioo, yenye sensa ya APS-C, na nina lenzi mbili: ile iliyokuja na kamera na ya milimita 50 yenye tundu la f/1.8. Ninarekodi kwa fremu 60 kwa sekunde, shata (muda ambao sensa hupokea mwanga) na ISO (wepesi wa kamera kuitikia mwanga) nimeiachia kamera iamue, na rangi nimeziweka kwenye mtindo mkali ili picha zivutie. Wateja husema video ni safi, lakini zinafanana na taarifa ya habari wala si filamu. Nibadilishe mipangilio gani, au wakati umefika wa kununua kamera nyingine?

Jibu: Umefanya vyema kutaja mipangilio yako mmoja mmoja, kwa maana sababu ya malalamiko ya wateja wako imo humo humo, wala haimo katika ubora wa kamera. Sura ya filamu hutokana na mambo machache ambayo mpiga picha ameyaamua na kuyashikilia tangu mwanzo wa tukio hadi mwisho, na kamera iliyoachiwa kujiamulia haiwezi kuyashikilia, kwa sababu imeundwa ibadilike kila mwanga unapobadilika. Nitaanza na mwendo, kwa kuwa huo ndio unaowafanya wateja wako waseme "habari" hata kabla hawajatazama rangi.

Tangu filamu zilipoanza kuwa na sauti mwishoni mwa miaka ya 1920, sinema imekuwa ikirekodiwa kwa fremu 24 kwa sekunde. Ukanda wa sauti ulihitaji mwendo usiobadilika, na kila fremu ya ziada ilikuwa gharama ya ukanda zaidi, kwa hiyo watengenezaji wakakubaliana juu ya kasi iliyotosha sauti isikike vyema bila kumaliza fedha. Runinga ilishika njia yake: matangazo ya moja kwa moja, hasa michezo na habari, huonyesha mwendo mara 50 au 60 kwa sekunde, na ndiyo maana mwendo wake ni laini kupita kiasi. Mtazamaji wa kawaida hawezi kukueleza tofauti hiyo kwa maneno, lakini jicho lake limeizoea tangu utotoni, na akiona fremu 60 anajua papo hapo kwamba anatazama tukio lililorushwa, si hadithi iliyosimuliwa.

Weka kamera yako katika fremu 25 kwa sekunde. Ningeweza kukuambia 24, na hakuna mteja atakayeona tofauti, lakini umeme wa Kenya ni wa hezi 50 na runinga zetu zilijengwa juu ya kipimo hicho hicho, kwa hiyo 25 itakusumbua mara chache zaidi utakapoingia ukumbini. Ikiwa huioni 25 kwenye menyu, tafuta mahali penye chaguo la NTSC na PAL, yaani mifumo miwili ya runinga, wa hezi 60 na wa hezi 50, kisha uchague PAL. Ndipo 25, 50 na pengine 100 zitakapojitokeza. Baadhi ya kamera zitakutaka ufomati kadi kabla ya kukubali mabadiliko hayo, basi nakili kwanza kila kitu kilichomo.

Baada ya fremu ni shata, na hapa naomba uwe mkali kabisa. Kanuni ya wapiga sinema ni kwamba shata ibaki wazi kwa nusu ya muda wa kila fremu, nao huiita shata ya digrii 180, kwa sababu shata ya kamera za filamu ilikuwa sahani inayozunguka iliyokatwa nusu yake. Kwa fremu 25, nusu hiyo ni 1/50 ya sekunde. Ili uone kinachobadilika, mtazame mpiga isukuti katika harusi ya Kakamega. Mkono wake unaposhuka kwenye ngozi ya ngoma huku shata ikiwa 1/50, kila fremu inauonyesha ukiwa na ukungu mwembamba nyuma yake, vidole vimeyeyuka kidogo kuelekea kule vinakokwenda, na jicho linaziunganisha fremu hizo kuwa pigo moja. Kamera ikiachiwa ijiamulie katika jua la saa saba, itaipandisha shata hadi 1/2000 au zaidi, na mkono uleule utaonekana umegandishwa: kila kidole kina ukingo mkali, vumbi lililoruka kutoka kwenye ngozi ya ngoma limesimama hewani, na kutoka fremu moja hadi nyingine mkono unaruka bila kupita njiani. Ongeza hapo mabega ya wachezaji yanayotikisika kwa kasi ya ngoma hiyo, na macho ya mtazamaji yatachoka bila yeye kujua sababu. Kwa hiyo shata iwe 1/50 na ibaki hapo. Usiiguse kwa ajili ya kurekebisha mwanga.

Namba hiyo ina faida nyingine ukumbini. Taa za umeme wa kawaida hupanda na kushuka kwa mwangaza mara 100 kwa sekunde, yaani mara mbili kwa kila mzunguko wa umeme wa hezi 50. Shata ya 1/50 huchukua mapigo mawili kamili katika kila fremu, kwa hiyo fremu zote hupata mwanga sawa. Shata ya 1/60 hukata pigo la pili katikati, na hapo ndipo ile mistari ya giza hutambaa ukutani nyuma ya bibi harusi. Ikiwa umewahi kuiona katika kazi zako za fremu 60, basi sasa unajua ilikotoka. Zingatia pia kwamba mahema mengi ya harusi huwashwa kwa jenereta, na jenereta iliyochoka haishikilii hezi 50 sawasawa, na kwamba taa za mapambo za LED zikipunguzwa mwangaza mara nyingi hupepesa kwa kasi yake zenyewe. Fika mapema, rekodi kila taa kwa sekunde chache, uitazame kwenye skrini. Taa inayopepesa omba iwashwe hadi mwisho au izimwe.

Sasa linajitokeza tatizo linalowarudisha wengi kwenye shata ya kujiamulia, nalo ni jua letu. Wapiga picha wa zamani walikuwa na kanuni rahisi: mchana wa jua kali, ukiwa na f/16, kasi ya shata huwa sawa na namba ya ISO, kwa mfano 1/100 kwa ISO 100. Namba ya f ni kipimo cha tundu la lenzi: namba ikikua, tundu hubanwa. Ukishusha shata hadi 1/50, umeruhusu mwanga maradufu, kwa hiyo lazima ulizibe tundu la lenzi hadi f/22. Lakini f/22 hukupa picha ambayo kila kitu kinaonekana wazi, kuanzia pete ya bwana harusi hadi magari yaliyoegeshwa nyuma ya kanisa, na tena ukali wa lenzi hupungua tundu linapobanwa hivyo. Unataka f/2.8 au f/4. Kutoka f/22 hadi f/4 ni stopu tano, na hadi f/2.8 ni stopu sita, ambapo kila stopu ni kuongeza mwanga maradufu. Mwanga huo wa ziada hauna budi kuzuiwa mbele ya lenzi, na kazi hiyo hufanywa na kichujio cha ND, ambacho ni kioo cheusi kinachopunguza mwanga bila kubadilisha rangi. ND64 huondoa stopu sita, basi ISO 100, 1/50, f/2.8 na ND64 ndiyo mipangilio yako ya jua la mchana Kisumu. Ukiwahamishia maharusi kwenye kivuli cha mwembe chenye anga wazi mbele yao, mwanga hupungua kwa takriban stopu tatu, na ND8 inatosha.

Sokoni utakuta pia ND ya kuzungusha, ambayo huenda kutoka stopu mbili hadi tano kwa kidole kimoja. Ni rahisi kuitumia, na kwa harusi inayohama kutoka juani kwenda kivulini naelewa kwa nini wengi huipenda. Hata hivyo, kichujio hicho ni vioo viwili vya polaraizi, yaani vinavyopitisha mwanga wa mwelekeo mmoja tu, vilivyobebana, na kina madhara mawili. La kwanza, ukikizungusha hadi mwisho hutokea doa jeusi lenye umbo la X katikati ya picha, hasa kwenye lenzi pana, na vile vya bei ndogo sana huongeza rangi ya kijani au ya manjano. La pili huzungumzwa mara chache, nalo linatuhusu sana: polaraizi huondoa mng'ao, na mng'ao wa mwanga juu ya ngozi nyeusi ndio unaochora shavu, pua na paji la uso. Kizungushe kichujio hicho mbele ya uso wa mtu mweusi na wakati mwingine utauona uso ukibaki bapa, umenyauka, ingawa mwangaza wa picha ni uleule. Kwa sababu hiyo mimi hupendelea ND zisizozungushwa, moja ya stopu tatu na moja ya stopu sita, na ningekushauri uanze nazo. Kipimo cha kununua kimeandikwa mbele ya lenzi baada ya alama ya Ø. Nunua kinachotosha lenzi yako pana zaidi, kisha kwa lenzi ndogo utumie pete ya kuunganishia.

Nyuso zinastahili maelezo zaidi, kwa kuwa ndizo mteja anazozinunua. Kamera ikiamua mwangaza yenyewe, huchukulia kwamba picha nzima ikijumlishwa inapaswa kuwa kijivu cha wastani. Gauni jeupe likijaza picha, kamera hudhani mwanga umezidi, huupunguza, na uso wa bwana harusi hugeuka kivuli. Anapoingia mjomba mwenye suti nyeusi, kamera huongeza mwanga na gauni huungua likawa karatasi tupu isiyo na mshono wala lesi. Mabadiliko haya hutokea katikati ya picha moja, mtazamaji akiyaona, na hakuna jambo linaloiondoa video kwenye sinema kwa haraka kuliko hilo. Zima ISO ya kujiamulia. Washa mistari ya zebra kwenye skrini ya kamera na uiweke kwenye asilimia 95, ili ikuonyeshe sehemu za gauni zinazokaribia kuungua, kisha ongeza mwanga hadi mistari hiyo iguse tu mikunjo inayotazama jua. Ukiwa na monita yenye kipimo cha mawimbi, yaani grafu ya mwangaza wa picha kutoka giza tupu hadi weupe tupu, ngozi nyeusi iliyokolea hupendeza ikiwa kati ya asilimia 35 na 50 katika mtindo wa rangi wa kawaida. Wapigaji wengi huisukuma hadi 60 au 70 kwa kuiga mafunzo yaliyoandaliwa kwa ngozi nyeupe, na matokeo yake ni ngozi ya majivu ambayo mama wa bibi harusi hataitambua. Si ajabu kwamba mafunzo yameelemea huko, kwani hata maabara za kusafishia picha kwa miongo mingi zilirekebisha rangi kwa kadi za Kodak zilizojulikana kwa jina la Shirley, ambazo kwa muda mrefu zilikuwa na picha ya mwanamke mzungu.

Uso ukiendelea kuonekana wenye giza ilhali gauni liko sawa, dawa yake haimo kwenye ISO. Mgeuze mtu huyo ili ukuta mweupe, kitambaa cheupe au anga wazi iwe upande mmoja wake, si mbele yake moja kwa moja, na utaona mstari mpana wa mwanga ukitembea kutoka kwenye paji hadi kidevuni. Ngozi nyeusi hupendezwa na chanzo kikubwa cha mwanga kilicho karibu, hata kama si kikali.

Jambo hilo linanileta kwenye saa za kazi. Kisumu iko karibu kabisa na ikweta, na jua hufika juu zaidi mwendo wa saa sita na nusu hadi saa saba kasoro mchana, likimwaga kivuli cha paji moja kwa moja ndani ya macho. Watu huchagua saa hiyo kwa picha za maharusi kwa sababu ibada imekwisha na chakula hakijaiva, na hakuna mpangilio wa kamera utakaoyaokoa macho hayo. Tafuta baraza au mti. Jioni, jua huzama kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja, nalo hushuka karibu wima, takriban digrii 15 kwa saa, kwa hiyo mwanga wa dhahabu unaosifiwa na wapigaji wa nchi za mbali, kwao ukidumu zaidi, kwetu hudumu nusu saa hivi. Dunga na Hippo Point zinatazama ziwa upande wa magharibi, na jua likiwa nyuma ya maharusi juu ya maji utapata ukingo wa mwanga kwenye nywele na mabega. Lakini uwe umeshapanga kila kitu ifikapo saa kumi na mbili kamili, ND iko mkononi tayari kuondolewa, kwa maana mwanga utapungua dakika kwa dakika, na wewe utaufuata kwa ND na tundu la lenzi huku shata ikibaki 1/50.

Rangi nitazieleza kwa ufupi. Mizani ya weupe, yaani mpangilio unaoiambia kamera rangi ya mwanga uliopo, ifungwe kwa namba za kelvini: 5600 juani, 6500 kivulini au mawingu yakitanda, 3200 kwa balbu za manjano. Ndani ya hema lenye vitambaa vya zambarau au buluu namba hizo hazitoshi, kwa sababu kitambaa hupaka rangi kila kitu kilicho chini yake; pima kwa kadi ya kijivu ukiwa pale walipoketi maharusi, si pale uliposimama wewe. Mtindo mkali wa rangi uache leo. Chagua ule wa wastani, punguza utofauti wa mwanga na giza, punguza kidogo ukolezaji wa rangi, na ushushe ukali hadi chini kabisa, kwani ukali wa kutengenezwa na kamera huchora mstari mweupe kwenye kila ukingo, na mstari huo ni alama ya video za bei nafuu ambayo huwezi kuifuta wakati wa kuhariri. Utashawishiwa kutumia logi, yaani mtindo wa kurekodi picha iliyofifia ili rangi zake zirekebishwe wakati wa kuhariri. Ikiwa kamera yako inarekodi kwa biti 8, kila rangi ina ngazi 256 pekee, na ukiivuta picha ya logi wakati wa kuhariri, anga juu ya ziwa litakatika vipande kama ngazi. Subiri hadi uwe na biti 10, zenye ngazi 1,024, ndipo ujifunze logi.

Lenzi yako ya milimita 50 ni nzuri sana kwa kazi hii, ila f/1.8 si ya kutumia kila mara. Ukiwa umbali wa mita mbili kwenye sensa kama yako, sehemu iliyo ndani ya fokasi kwa f/1.8 ni kama sentimita 11, na kwa f/4 ni kama sentimita 25. Bibi harusi akicheka na kuinama mbele, sentimita 11 zimekwisha na macho yametoka nje ya fokasi. Tumia f/2.8 kwa mtu mmoja, f/4 kwa wawili, na uiache f/1.8 kwa pete, maua na usiku ambapo huna taa.

Mwendo wa polepole utumie kwa kuingia kwa maharusi au kwa shela inayopeperushwa na upepo wa ziwani: fremu 50, shata 1/100, kisha uichezeshe kwa 25 ili uwe nusu ya kasi. Kumbuka kuirudisha shata 1/50 baada ya hapo, na ikiwa kamera ina namba za kumbukumbu kwenye gurudumu lake, hifadhi mipangilio hiyo miwili ili usiitafute ngoma ikiwa imeanza.

Kuhusu kamera mpya, jibu langu ni hapana, si mwaka huu. Fedha hizo nunua kwanza ND mbili, halafu taa moja ya LED ya betri isiyopepesa pamoja na kitambaa cheupe cha kuilainisha, halafu monita ndogo yenye kipimo cha mawimbi. Ile mistari myeusi ya juu na chini ambayo huenda mtu amekushauri uiongeze, iache. Inakata miguu ya wachezaji wako na haibadilishi hata fremu moja ya mwendo.